Matundu Manne ya Kiti

Kilichomuuma Nati si kwamba gari lilikuwa limegonga ukuta wa matairi. Kilichomuuma ni nani alikuwa amelikalia lilipogonga.

Kaka yake alimpa habari kwa simu, katikati ya mitihani ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayeeleza msiba wa jirani. "Mrefu ni mzima," alisema. "Hana hata mchubuko. Gari ndilo limeumia, mbele, upande wa kulia. Wewe usijali, soma."

"Mrefu ni nani?"

Kaka yake alikohoa. "Rafiki yangu. Nilimwachia azunguke kidogo, maana wewe hukuwepo."

Nati alirudi kwenye vitabu vyake, lakini kila alipofumba macho alikiona kiti. Hakuiona rejeta iliyopasuka wala taa iliyovunjika. Aliona kiti tu, na mgongo wa mtu asiyemjua ukiwa umekiegemea.

Gari lenyewe halikuwa la kuringia watu. Lilikuwa gari dogo kuukuu lililotupwa nyuma ya ghala, na wao wawili walilivuta kwa kamba mpaka gereji ya kaka yake, Nati akiwa bado sekondari. Waling'oa viti vya abiria, mazulia, redio, na kila kitu ambacho hakikusaidia gari kwenda wala kusimama. Wakabakiza injini, usukani na kiti kimoja. Mara chache kwa mwaka uwanja wa mbio nje ya mji ulifungua lango kwa yeyote mwenye gari lililopita ukaguzi. Hakukuwa na kikombe wala mshindi. Kila mtu alizunguka akipambana na woga wake mwenyewe. Waliziita siku za wazi, na Nati alizisubiri kama mtoto anavyomsubiri shangazi mwenye mkoba mzito.

Kaka yake hakuwahi kuzunguka hata mara moja. Ndiyo ilikuwa ajabu yake: aliweza kulifanya gari lipae, lakini mwenyewe aliogopa mwendo. Pikapu yake ya kazi aliiendesha polepole hata wenye baiskeli wakampita huku wakimjulia hali. "Mimi ni mikono," alizoea kusema. "Miguu ni yako, mdogo wangu. Ukimaliza chuo, kiti ni chako."

Sasa alikuwa amemaliza.

Aliposhuka na sanduku lake hakuingia kwanza nyumbani kwa mama, ingawa nyumba na gereji vilikuwa ua mmoja. Alipita moja kwa moja langoni. Gari lilikuwa juu ya vigingi vya chuma, limevuliwa boneti na bampa, mkono wa chesisi wa kulia umejikunja kama kiwiko. Chini yake ilitokeza miguu miwili, mirefu kupita kiasi, kama vile waliokuwa chini walikuwa watu wawili, mmoja akianzia mwenzake alipoishia.

"Nipe kumi na saba," ilisema ile miguu.

Nati alitazama ubao wa spana. Kumi na saba haikuwepo. Ilikuwa sakafuni, karibu na mkono wa yule mtu, na mpini wake ulikuwa na utepe mwekundu alioufunga yeye mwenyewe siku nyingi zilizopita ili watu wajue ni yake.

"Iko karibu na mkono wako," alisema.

Mtu akajivuta, akatoka taratibu, na kuendelea kutoka. Alipokaa sawa alikuwa na uso mpole wenye grisi puani. "Kumbe wewe ndiye Injinia," alisema. "Karibu nyumbani. Kaka yako hana habari nyingine ila zako. Mimi nimeshachoka kukujua."

Halafu akanyoosha mkono kwenye msumari wa ukutani, akachukua kikombe cha bati chenye mdomo uliobonyea, akanywa chai. Kilikuwa kikombe cha Nati. Alikibonyeza kwa meno akiwa mtoto, mtoto yuleyule aliyekutwa akitambaa na nati mdomoni, akiinyonya kama pipi, hata jina likamganda.

Kaka yake alitokea stoo, akamkumbatia kwa viwiko ili asimchafue, akacheka, machozi yakamlengalenga. Nati naye alicheka. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye kikombe.

*

Walianza kazi kesho yake. Kaka alikuwa na msimamo mmoja ambao alirudia kila aliposhika nyundo: "Tukilijenga upya, tusirudishe ujinga uleule. Kilichovunjika kirudi kikiwa bora, au kisirudi."

Mkono wa chesisi waliunyoosha kwa mnyororo uliofungwa kwenye nguzo ya zege. Kaka alipasha chuma moto, Mrefu akavuta, na hapo ndipo Nati alipoanza kuelewa ukubwa wa msiba wake. Wawili wale hawakuhitaji kusemeshana. Kaka aliinua nyusi, Mrefu akalegeza mnyororo. Kaka alipiga mluzi mfupi, Mrefu akaleta maji. Walikuwa na utani ambao hakuujua ulikoanzia. Mmoja angesema tu "bibi wa kuku," na wote wakacheka hadi kushika mbavu.

"Bibi wa kuku ni nani?" Nati aliuliza.

"Aa, ni hadithi ndefu," alisema kaka yake akijifuta macho. "Ungekuwepo ungekufa."

Hakuwepo. Ndilo tatizo.

Kwa hiyo akajitia kazini. Alifungua injini, akaisafisha, akaifunga. Alichora kizimba cha mabomba cha kumlinda dereva gari likibiringika, akaeleza kwa nini bomba la mshazari lianzie begani kwa dereva na si mlangoni. Kaka alisikiliza mdomo wazi, akampigia kelele mama aje asikie. Nati alivimba kwa furaha siku nzima. Jioni Mrefu, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kushona viti vya magari katika duka la mtaa wa pili, akaleta kifuniko cha usukani alichokishona kwa mkono, mshono ule wa kufichika. Kaka akakishika kama mtu aliyeshika kifaranga. "Tazama kazi hii," akasema. "Nati, hebu tazama." Furaha ya Nati ikanywea kama tairi lililokanyaga msumari.

Siku alipofungua breki aligundua jambo. Diski za mbele zilikuwa na madoa ya bluu, ile rangi ya chuma kilichopashwa moto kupita uwezo wake, na pedi zilikuwa zimekauka na kung'aa kama kioo. Alizigeuza mikononi. Alielewa. Breki zile zilikuwa zimeshakufa kabla ya kona ile ambako Mrefu aligonga. Mguu wowote ungezikanyaga, zingeteleza tu. Hata mguu wake.

Mrefu alikuwa hatua chache pembeni, anapiga msasa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini ile kona hakuitaja kamwe, na walipozungumzia gari lilivyokuwa kabla ya ajali alitafuta kitu cha kuokota chini.

Nati aliziweka diski kando. "Kaka," alisema, "tutafute diski kubwa za gari zito, na tuziwekee mabomba ya hewa kutoka mbele, zipoe."

"Umesema kweli," alijibu kaka yake.

Kwa Mrefu, Nati hakusema kitu.

Mama ndiye aliyekuwa akiona. Aliwaletea chai ya saa kumi, akawatazama wakilizunguka gari, Nati akisukuma bega lake mahali ambapo Mrefu alikuwa tayari amesimama, akaweka sinia juu ya boksi la vifaa. "Hiki chuma kimeoa mitala," alisema. "Namwona mke mkubwa hapa na mke mdogo pale. Sijui nani ni nani, lakini nyumba hii haina amani."

"Mimi ndiye mke mdogo, mama," Mrefu alisema. "Mke mdogo ndiye anayepikishwa sana."

"Basi pika, mwanangu."

Mwanangu. Nati aliinywa chai yake kwenye glasi.

*

Jumapili asubuhi kaka yake alikwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta zile diski, na kwa jinsi alivyoendesha hakuwa mtu wa kurudi mapema. Nati alibaki peke yake gerejini. Kizimba kilikuwa kimeshachomelewa, rangi ya ndani imekauka, kiti kimerudishwa. Alifungua mlango, akavuka bomba la ubavuni, akaketi mahali alipokuwa akipaota muda wote wa chuo.

Mguu wake haukufika kwenye klachi.

Aliteleza mbele, akanyoosha kidole gumba cha mguu kama mchezaji wa ngoma. Aligusa kanyagio, lakini kulikandamiza hadi mwisho hakuweza. Usukani ulikuwa mbali kama sahani ya mgeni upande wa pili wa meza. Akainama kutazama chini. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma. Kilisimama kwenye matundu mapya manne, na mbele yake matundu ya zamani, yale waliyoyatoboa pamoja kwa kipimo cha miguu yake, yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya mpira mweusi. Kama macho yaliyofumbwa.

Hakulia. Aliketi tu, mikono mapajani. Kisha akashuka, akaichukua spana yenye utepe mwekundu, akafungua bolti nne, akachomoa mipira, akakirudisha kiti mbele kwenye matundu yake, akakaza. Aliketi tena. Klachi ilikuja mguuni kama mbwa anayemjua mwenyewe. Alibadilisha gia, akageuza usukani, injini ikiwa imezima, na kwa muda kidogo alikuwa na amani kamili.

"Hodi humu."

Alitoka harakaharaka. Mrefu aliingia na mfuko wa bolti, akauliza Mkuu yuko wapi, maana ndivyo alivyomwita kaka, akajibiwa. Akazunguka gari akilisifia rangi, akafungua mlango, akaingiza mguu mmoja, wa pili, na kujishusha kwenye kiti.

Magoti yake yalipanda hadi kwenye usukani. Akajaribu kuyapanua, moja likagonga bomba la kizimba. Alikaa hivyo, amekunjika kama kiti cha kukunja, na Nati alisubiri aseme utani. Mrefu aliinamisha kichwa, akayaona matundu mapya manne yakiwa matupu.

"Mkuu amekirudisha," alisema, akijiambia mwenyewe.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa kubwa, mtu angeweza kupita na pikapu. Nati aliendelea kufuta spana ambayo ilikuwa safi.

Mrefu akajitoa garini kipande kwa kipande. Aliuweka mfuko wa bolti mezani. Akanawa mikono, akasuuza kile kikombe cha bati, akakipangusa na kukitundika msumarini, mdomo uliobonyea ukielekea ukutani. "Msalimie Mkuu," alisema. "Mwambie dukani kuna kazi nyingi kidogo."

Alipokwisha kuondoka, woga ulimshika Nati. Kaka angekuja, angeona, angeuliza. Alifungua tena bolti zilezile, akakisukuma kiti nyuma, akakaza, akaziba matundu ya mbele kwa mipira yake. Kila kitu kikarudi kilivyokuwa, isipokuwa mtu mmoja.

*

Mrefu hakuja siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Kaka alimpigia simu, akasikiliza, akasema "Sawa, sawa, kazi ni kazi," akaiweka simu mezani kifudifudi.

Sasa Nati alikuwa na kila alichokitaka. Alikuwa na kaka yake peke yake. Alikuwa na spana yake, na kikombe chake. Walifunga diski kubwa, wakapitisha mabomba ya hewa, wakaweka springi fupi na ngumu zaidi, na kila bolti waliyokaza kaka yake aliichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye bati, kama alivyozoea tangu zamani, ili jicho lijue kwamba mkono umepita. Walifanya kazi vizuri. Lakini kaka yake hakupiga mluzi. Aliinua nyusi kwa mazoea, Nati akauliza "Nini?" naye akasema "Hapana, hakuna kitu." Alipomimina chai alijaza vikombe vitatu, akatazama kile cha tatu, akairudisha chai yake kwenye birika.

"Siku ya wazi ni Jumamosi hii," alisema jioni moja. "Gari litakuwa tayari. Utaendesha wewe."

Nati alikuwa amelisubiri neno hilo miaka yote. Lilikuja kwa sauti ya mtu anayemwambia mgeni kwamba mkate umekwisha.

Asubuhi iliyofuata alivaa viatu, akamwambia mama anakwenda mtaa wa pili.

"Nenda," alisema mama bila kugeuka. "Umechelewa, lakini nenda."

*

Duka la Mrefu lilikuwa chumba kimoja chenye marobota ya ngozi bandia yaliyosimamishwa kando ya kuta na harufu ya gundi inayokamata koo. Viti vya magari vilijipanga mlangoni kama abiria wasio na gari. Mrefu alikuwa nyuma ya cherehani, magoti yakiwa karibu na masikio, anashona mgongo wa kiti cha basi. Alimwona, akaendelea mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi.

"Injinia. Karibu. Usikalie hicho, kina gundi."

Nati alibaki amesimama. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoroka. "Kiti nilikisogeza mimi," alisema.

Mrefu akaweka uzi chini.

"Kaka hakukigusa. Hajui hata leo. Alikuwa amekuwekea wewe nyuma, mimi nikakirudisha mbele. Ulipoondoka nikakirudisha tena nyuma ili nisionekane. Ukadhani amekufukuza. Nikakuacha udhani."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Mrefu alichukua mkasi, akauweka mahali pengine pale pale mezani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mguu wangu haukufika kwenye klachi." Aliona jinsi jibu lilivyokuwa dogo. "Na kwa sababu ya bibi wa kuku. Na kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha bati. Ni changu."

"Kile kilichobonyea?" Mrefu alishangaa kweli. "Mimi nilidhani hakina mwenyewe, ndiyo maana nikakichukua. Nilikionea huruma."

Nati karibu acheke, lakini alikuwa bado hajamaliza, na lililobaki ndilo lililokuwa zito zaidi. "Kuna jingine. Nilifungua diski za mbele. Zilikuwa za bluu. Zilikuwa zimeungua, Mrefu, pedi zimekuwa kioo. Hazikuwa na breki za kukupa. Hukuchelewa kukanyaga. Hata mimi ningegonga palepale. Nililiona hilo siku nyingi, nikanyamaza."

Mrefu aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akaukanyagisha sakafuni, kama mtu anayejaribu kama sakafu ipo.

"Mkuu aliniambia hivyo hivyo," alisema hatimaye. "Siku ileile. Nikadhani ananibembeleza. Kaka yako ana huruma, anaweza kumwambia hata aliyeangusha nyumba kwamba kosa ni la upepo."

"Ni kweli."

"Wewe je, unanibembeleza?"

"Mimi?" Nati alisema. "Mimi nilikuwa nakuombea upate kazi mji wa mbali."

Mrefu akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, kisha akafunika uso kwa viganja, na Nati hakuwa na hakika tena kama ni kicheko. Aligeukia marobota ya ngozi, akajifanya anasoma rangi zake.

"Kila usiku naiona ile kona," Mrefu alisema nyuma yake. "Nakanyaga breki kwenye godoro. Mke wangu amehamia ukutani kwa mateke."

"Pole."

"Asante. Sasa geuka, na mimi nina langu."

Alijipinda chini ya meza ya kukatia, akavuta kitu kilichofungwa kwenye gunia, akakifungua. Kilikuwa godoro dogo la sponji ngumu, mgongo na makalio pamoja, limevishwa kitambaa cheusi chenye mshono ule wa kufichika. Ubavuni kulikuwa na matundu mawili ya kupitishia mikanda.

"Hiki kinawekwa ndani ya kiti. Mimi nikishuka, kinaingia, mtu mfupi anasogea mbele na kupanda juu. Mkuu aliniletea ovaroli yako ya zamani nikapimia. Kanyagio la klachi na mengine yana vipande vya kuongezea pia, ameshavitengeneza, viko stoo kwenye kopo la misumari. Alitaka kukustukiza."

Nati alikigusa. Kilikuwa na kiuno chake. Kilikuwa na lile bega lake la kushoto lililoteremka kidogo, ambalo yeye mwenyewe alilijua kwenye picha tu.

"Kwa nini hukukileta?" aliuliza. "Kimekwisha lini?"

Mrefu alikuna shingo. "Kabla hujashuka na sanduku lako."

"Mrefu."

"Nilikuwa nakificha. Mkuu akiuliza namwambia sponji haijapatikana, kitambaa hakijafika, sindano imevunjika. Nilisema moyoni, kisipokwisha, gari ni langu mimi. Wewe una kaka, una chuo, una mama anayekujazia sahani. Kila bolti niliyoshika pale naambiwa Nati angeishika hivi, Nati hakazi hivyo. Mimi nilikuwa na kile kiti tu. Nacho nimekigongesha."

Walitazamana juu ya lile godoro, wezi wawili waliokutana dirishani, mmoja akiingia na mwenzake akitoka.

"Mama alisema kweli," Nati alisema. "Wake wenza."

"Mimi bado ndiye mdogo," alijibu Mrefu. "Jumamosi nani anaanza?"

Nati alijua jibu alilolitaka. Gari jipya, matairi mapya, mzunguko wa kwanza ambao hauji mara mbili: aliutaka kwa kila mfupa. Aliahidiwa. Lakini alifikiria godoro la nyumbani kwa huyu mtu, na mke aliyehamia ukutani.

"Wewe," alisema. "Kona ni yako. Mimi sitaki kusikia tena habari za mateke ya usiku. Lakini usizunguke mpaka mafuta yaishe."

*

Kaka yao, maana siku ile Nati aliamua kulitumia neno hilo hivyo kwa majaribio, alikuwa amechuchumaa ndani ya gari walipoingia wote wawili na gunia. Nati alimweleza yote bila kupumzika, asije akarudi nyuma. Kaka alisikiliza akiwa ameshika kopo la rangi nyeupe.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

Aliwaita kwa kidole. Wakaingiza vichwa, mmoja kila mlango. Kwenye bolti za kiti, zote nne, mistari myeupe ilikuwa imekatika. Kipande cha mstari kilikuwa kwenye kichwa cha bolti, kipande kingine kwenye bati, na havikutazamana tena. Nati alikuwa amefungua na kufunga, akasahau kwamba mikono ya kaka yake ilipita hapo kabla yake. Yeye, aliyekuwa akimshikia kopo tangu utotoni.

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Mwanamume mwenye wake wawili akiamua ugomvi, anapigwa na wote." Alifuta mistari ya zamani kwa kitambaa chenye petroli. "Nilikuwa nawasubiri. Nimesubiri mpaka nimekonda. Halafu, Mrefu, sindano moja haivunjiki mara nne."

Mrefu akatafuta kitu cha kuokota chini.

*

Jumamosi kulikuwa na mawingu mepesi na lami kavu. Kaka aliliburuta gari nyuma ya pikapu kwa mwendo wake, wakafika watu wengine wameshazunguka hadi kuchoka. Mkaguzi alitikisa kizimba, akakanyaga breki, akainua kidole gumba.

Mrefu alitoka kwanza. Nati alisimama kwenye uzio, vidole ndani ya waya, na aligundua kwamba wivu hauishi kwa sababu mtu amefanya jambo jema. Ulikuwa pale pale, mzima. Aliisikia injini aliyoifunga kwa mikono yake ikiimba chini ya mguu wa mtu mwingine. "Badilisha gia," alinong'ona. "Badilisha sasa. Mungu wangu, huyu mtu anangoja nini."

Kwenye ile kona Mrefu alipunguza mno, hadi gari la nyuma yake likampita. Mzunguko wa pili alipunguza kidogo tu. Wa tatu, taa za breki ziliwaka mara moja, pale hasa zinapotakiwa kuwaka, na gari likazunguka kona kama limefungwa kwa uzi. Nati alijikuta anapiga makofi. Mikono yake ndiyo iliyoanza. Yeye alifuata baadaye.

Mrefu aliingia kabla mafuta hayajaisha. Alitoka garini kipande kwa kipande, akavua kofia, uso umelowa. Hakusema kuhusu kona. Alisema, "Inashika, Injinia. Breki zako zinashika," halafu akachukua lile godoro mwenyewe, akaliweka ndani ya kiti, akapitisha mikanda kwenye matundu yake, akalipigapiga kama mto wa mgonjwa.

Nati akaingia. Kiti kilikuwa bado na joto la mtu mwingine, na siku nyingine hilo lingemchoma. Kaka alifunga vile vipande kwenye kanyagio, akakaza, akachora mistari yake myeupe na kuipuliza ikauke.

Alikanyaga klachi. Mguu ulifika mpaka mwisho.

Gari lilipoanza kutembea alitupia jicho kioo cha ubavuni. Kaka yake alikuwa ameshafumba macho, kwa woga wake wa mwendo. Pembeni yake Mrefu alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, vidole ndani ya waya, midomo ikichezacheza. Nati hakuweza kusikia, lakini aliijua kila silabi: badilisha gia, badilisha sasa.

Alichelewesha gia kidogo, makusudi, ili amtie uchungu. Kisha akabadilisha, na kwenda.